Mmea unaoota kilima kimoja tu: njia nne za kuunusuru, na ipi iwafae

Mtaalamu wa mimea alipita kijijini, akachuma tawi lenye maua, akalibana kwenye magazeti yake, akaenda zake. Miezi ikapita, ikaja barua: ule mti mnaochongea mipini ya majembe haupo kwingine duniani ila kwenye kilima chenu. Uhifadhiwe. Barua haikusema uhifadhiweje, na tangu hapo kamati imekaa vikao vitatu bila kuelewana. Mwalimu anataka miche ipandwe shuleni. Mzee wa upande wa juu anataka msitu ufungwe, asiingie mtu. Binti aliyesomea misitu anasema mbegu zipelekwe benki. Na yupo mgeni wa mjini anayeomba vipandikizi kwa ajili ya bustani.

Wote wanne wana hoja, ndiyo maana hawaelewani.

Vijiji vyenye mashaka kama haya kwetu si haba. Milima ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita hadi Udzungwa, ni kama visiwa vilivyozungukwa na nyika kavu. Mmea uliojifanyia makao kilele hiki haukuweza kuvuka kwenda kile. Misitu ya pwani nayo imebaki vipandevipande. Ua dogo la zambarau liitwalo Streptocarpus teitensis linaota Mbololo huko Taita, basi. Mpapindi, mti wa jamii moja na mnazi, asili yake ni Pemba peke yake. Na Tessmannia princeps, jitu la Udzungwa linalofika mita 40 kwenda juu, lilitangazwa kuwa spishi mpya mwaka 2025 tu, kutoka misitu ya hifadhi ya vijiji.

Kabla ya kulinganisha njia, kuna wazo moja la kuondoa njiani, kwa sababu hutokea kila kikao: “Ukishapandwa kwa wingi, umepona.” Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani huko Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliokota ua la porini Usambara, likapelekwa kwao, na mwaka uliofuata likapewa jina la Saintpaulia ionantha. (Siku hizi wataalamu wamelihamishia kwenye jenasi ya Streptocarpus, lakini wauza maua hawajali.) Leo vitukuu vyake viko kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani kwa mamilioni ya vyungu. Ndugu zake wa porini bado wanang’ang’ania miamba yenye unyevu chini ya kivuli cha miti, na mti wa juu ukikatwa jua linawachoma. Vyungu vya ughaibuni havikuwasaidia lolote. Isitoshe, vimetokana na mimea michache na kuchanganywa mno, kiasi kwamba hakuna anayeweza kuvirudisha Usambara na kuviita vya asili.

Vya kupimia kwanza

Maswali manne ninayoyauliza kabla ya kutaja njia yoyote ni haya.

Nini kinauua? Panga, moto, mbuzi, maji yaliyochepushwa, wezi wa mimea, au mmea wenyewe hauzai tena? Njia inayozuia panga haizuii moto, na hakuna uzio unaoupa mbegu mti uliokosa mwenzi.

Mbegu yake ni ya tabia gani? Ziko mbegu zinazokubali kukaushwa na kulala miaka, kama za jamii ya kunde zenye ganda gumu. Ziko nyingine ambazo ukizikausha umeziua. Nimewahi kuanika mbegu za mti wa msituni kwenye jamvi siku tatu, kama mahindi, nikijisifu kwa usafi wa kazi. Haikuota hata moja.

Imebaki mingapi, na ni ndugu wa karibu kiasi gani? Miti 200 iliyotawanyika mabonde mawili ni jambo moja. Miti sita iliyotoka kwa mama mmoja ni jambo jingine kabisa.

La nne ndilo huulizwa mwisho ilhali lingetangulia: nani atakuwepo mwaka wa kumi? Fedha za mradi hukaa miaka mitatu. Mti unaweza kuhitaji ishirini kabla ya kuzaa.

Nitazipima njia zote nne kwa vichwa vilevile: kinachookolewa, gharama na mikono, panapovunjikia, na inamfaa nani.

Njia ya kwanza: kuulinda palepale

Kinachookolewa. Kila kitu. Mmea, mdudu anayeuchavusha, ndege anayebeba tunda, kuvu ya mizizini, ukungu wa asubuhi. Hakuna njia nyingine inayobeba haya yote, na mengi kati yake hatuyajui hata kwa majina. Mfano ulio karibu ni kaya za Mijikenda, yaani misitu yao mitakatifu pwani ya Kenya, zilizoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008. Wazee wa kaya hawakuweka miiko kwa ajili ya botania. Waliweka kwa sababu ya makaburi, matambiko na makao ya mababu. Lakini mwiko wa kutokata mti umewatunzia wataalamu mimea adimu ambayo nje ya kaya imebaki ya kutafuta kwa tochi.

Gharama na mikono. Fedha taslimu si nyingi, ila kazi haina likizo. Kufyeka njia ya moto kila kiangazi, doria, vikao, kesi za jirani aliyeingiza ng’ombe. Tanzania, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wa hifadhi wa kijiji na kuutungia sheria ndogo. Kenya, chama cha jamii cha kuhifadhi msitu huingia makubaliano na serikali ya kusimamia sehemu ya msitu. Yote mawili yanahitaji mtu anayejua kuandika muhtasari na kuutunza.

Panapovunjikia. Pakivunjika, pamevunjika pote kwa siku moja. Rwanda, kwenye chemchemi ya moto ya Mashyuza, Bugarama, mwaka 1987 mtaalamu Eberhard Fischer alikuta yungiyungi dogo kuliko yote duniani, Nymphaea thermarum, majani yake mengine hayazidi sentimita moja. Makao yake yalikuwa matope yenye joto pembeni ya chemchemi, eneo dogo ambalo mtu angelizunguka kwa dakika chache. Maji yakachepushwa, matope yakakauka, na kufikia 2008 halikuonekana tena pale. Hakuna aliyelichukia. Watu walihitaji maji. Na kwenye kilima kimoja moto mmoja unatosha.

Inamfaa nani. Kijiji chenye mamlaka halisi juu ya ardhi ile, mmea ambao bado unazaa na kuota wenyewe, na adui ambaye ni binadamu mnayeweza kukaa naye chini. Kama adui ni kampuni yenye hati iliyotolewa juu yenu, sheria ndogo peke yake haitatosha.

Njia ya pili: benki ya mbegu

Kinachookolewa. Kizazi kilicholala. Mbegu hukaushwa taratibu kwenye chumba chenye hewa kavu, hufungwa zisiingie unyevu, kisha huwekwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Zinazokubali hali hiyo zinaweza kukaa miongo mingi. Zikichumwa vizuri, mfuko mmoja wa saizi ya bahasha hubeba tofauti nyingi zaidi za kijenetiki kuliko bustani nzima ya miti. “Kuchumwa vizuri” kuna maana yake: kutoka mimea 50 au zaidi ikiwa ipo, na kutozidi sehemu moja kwa tano ya mbegu zilizokomaa siku ile, ili msitu ubaki na zake.

Gharama na mikono. Kwenu ni ndogo mno, safari chache za kuchuma kwa wakati wake. Gharama iko kwa mwenye mtambo. Kenya kuna benki ya jeni Muguga. Tanzania kuna kituo cha taifa Arusha. Na zote zimewahi kushirikiana na benki kubwa ya Kew, bustani mashuhuri ya mimea ya Uingereza, iliyoko Wakehurst. Msijenge benki yenu ya friji kijijini. Umeme ukikatika wiki moja mmebaki na maharage.

Hapa pia ndipo makaratasi yanapoanza. Mbegu ikiondoka kijijini iondoke na maandishi: imechumwa wapi, na nani, kwa ridhaa ya nani, na je, mkiitaka tena mtarudishiwa? Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, makubaliano ya kimataifa kuhusu nani anafaidika na mimea na mbegu za wenyeji, imewapa haki ya kuuliza hayo kabla, na mtu mwema hatakasirika mkiuliza.

Panapovunjikia. Kwenye tabia ya mbegu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria kwamba asilimia 36 ya spishi zilizo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka zina mbegu zisizoweza kuhifadhiwa kwa njia hii. Miti ya misitu yenye unyevu, yaani ile tuliyonayo sisi milimani, ndiyo inayojaa kundi hilo. Kanuni ya kienyeji, isiyo ya uhakika lakini inayosaidia: mbegu kubwa, nzito, yenye majimaji, inayoota wiki hiyohiyo ilipodondoka, usiikaushe kabla ya kuuliza. Udhaifu wa pili ni kwamba mbegu iliyolala haijui yanayoendelea; ikiamshwa baada ya miaka 60, chemchemi au kivuli chake huenda hakipo.

Inamfaa nani. Mmea wenye mbegu ndogo kavu au zenye ganda gumu, unaozaa vya kutosha, na wenyeji wasioweza kuahidi ulinzi wa kila siku. Ni njia ya bima. Anayekata bima ya nyumba bado anafunga mlango usiku.

Njia ya tatu: bustani na kitalu

Kinachookolewa. Mimea hai, mnayoiona, inayoweza kuzalishwa. Lile yungiyungi la Rwanda liliokolewa hivi. Mbegu zilikuwa zimepelekwa Bonn, Ujerumani, na Carlos Magdalena wa Kew akahangaika nazo: kila mche ulioota chini ya maji, kama mayungiyungi mengine, ulikufa. Alipokumbuka kwamba kwao lilikuwa likikaa kwenye matope na si majini, akaweka mbegu usawa wa maji, zikipata hewa, kwa joto la nyuzi 25, na zikakua hadi kuchanua mwaka 2009. Mwaka 2023 likaonekana tena porini hukohuko Rwanda, habari iliyowafurahisha wengi. Lakini kwa miaka ile yote ya katikati spishi nzima ilikuwa mikononi mwa wakulima wa bustani.

Karomia gigas nao una kisa cha aina hii. Mti mrefu wa pwani, ulichukuliwa sampuli Kenya mwaka 1977, kisha mti wenyewe ukakatwa. Baadaye ukapatikana kusini mwa pwani ya Tanzania, mashina ya kuhesabu. Matunda yake hushambuliwa na kuvu kabla mbegu hazijakomaa, hata porini haujizalishi sawasawa. Mwaka 2018 matunda kwa maelfu yalipelekwa bustani ya mimea ya Missouri, St. Louis, Marekani, na miche iliyopatikana ikawa makumi tu. Kwa mti wa namna hii, kuzungushia uzio na kusubiri ni kuusindikiza.

Gharama na mikono. Kubwa, na ya kila siku. Maji, viriba, udongo, kivuli, na mtu mwenye mkono wa miche, ambaye si lazima awe na cheti. Amani kule Usambara, Brackenhurst kule Limuru na vitalu vya makumbusho Nairobi wanao watu hao. Lebo nazo ni gharama. Mche usio na lebo ya mama yake na mahali alipotoka ni mche wa maua tu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Panapovunjikia. Mahali pengi, na nitaeleza kwa urefu kwa sababu bustani hupendwa na wafadhili kwa kuwa inapigika picha.

Kwanza, nakala. Mwaka 1895 John Medley Wood alikuta kwenye msitu wa Ngoye, Afrika Kusini, kundi moja la mashina ya Encephalartos woodii, mmea wa ukoo uliokuwepo duniani kabla ya mimea yenye maua. Lilikuwa dume. Jike halijaonekana hadi leo. Kila woodii aliyeko kwenye bustani za dunia ni kipande cha dume lile lile. Umeokoka, lakini hauzai mwenziwe. Kikundi kinachochukua vipandikizi 300 kutoka mti mmoja kina mti mmoja, wenye miguu 300.

Pili, kuchanganyika. Mishubiri ya spishi mbalimbali ikikaa jirani nyuki hawaulizi majina, na mbegu zinazotoka ni chotara. Tatu, wizi: Januari 2014 yungiyungi moja la Rwanda liliibwa Kew kwenyewe, penye walinzi. Nne, bustani yenyewe inaweza kuwa adui. Amani ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902 kujaribia miti ya biashara kutoka kila upande wa dunia. Mmoja, musizi, ulioletwa kutoka sehemu nyingine ya Afrika, uliingia msituni na kuenea kwenye kila uwazi, ukichukua nafasi ya miti ya asili ambayo leo Amani hiyohiyo inapigania.

Inamfaa nani. Mmea uliobaki mashina machache, au wenye mbegu zisizokaushika, au ambao makao yake yameshaharibika na yatachukua miaka kupona. Na iwe angalau bustani mbili, zisizotegemea bomba moja la maji.

Njia ya nne: kuupanda kwingine

Kinachookolewa. Inategemea “kwingine” ni wapi. Kuna kurudisha kilimani ulipotoweka, kuna kuhamishia kilima cha jirani, na kuna kupanda majumbani. Mpapindi ni mfano mzuri wa hili la mwisho: ni mti mwepesi kupandwa na mzuri wa kutazamwa, umetoka Pemba ukaingia kwenye bustani mbali na kwao. Kwa hiyo mpapindi kama mti hauko hatihati ya kufutika kesho. Lakini mpapindi wa uani haulindi msitu wa Ngezi, na popo wa Pemba hawali uani kwa mtu wa Florida.

Gharama na mikono. Siku ya kupanda ni rahisi, hata waziri huja. Baada ya hapo ni palizi, kumwagilia kiangazi cha kwanza na cha pili, kuziba mapengo ya miche iliyokufa, na kuhesabu. Malawi wanajaribu hili kwa mwerezi wa Mulanje, mti wa taifa lao, ambao asili yake ni mlima ule mmoja na ambao miti mikubwa imemalizwa na wakataji haramu na moto. Vitalu vya jamii kuzunguka mlima vimeotesha miche mingi na kuirudisha juu, na majaribio yakafanywa sehemu nyingine za nchi kuona itakubali wapi. Msumeno na kiberiti vilivyomaliza mama vinasubiri watoto.

Panapovunjikia. Miche inakufa kimyakimya na hakuna anayerudi kuhesabu. Au inapandwa kwenye kilima cha jirani chenye mmea wake adimu, na mgeni anamsumbua mwenyeji. Kuhamishia kilima kipya kuombewe ushauri wa wataalamu na kibali, hata kama ardhi ni yenu.

Inamfaa nani. Wenye miche ya ziada kutoka mama wengi tofauti, na ambao kilichouua mmea mara ya kwanza kimeshaondoka au kinadhibitika. Shule zinaingia hapa vizuri, mradi wakubali kwamba miti ya shule ni ya kufundishia na ya kuokota mbegu, na si mbadala wa msitu.

Sasa, kwa hali yenu

Kama mmea upo kwa mamia, unazaa, na tatizo ni kuni na mipini: anzeni na njia ya kwanza, na muwape watu mti mwingine wa mipini kabla ya kuwakataza huu. Pelekeni mbegu benki msimu ule ule kama zinakaushika. Bustani inaweza kusubiri.

Kama yamebaki mashina chini ya 20 na chini yake hakuna mche hata mmoja: kitalu kwanza, mwaka huu. Chukueni kidogo kutoka kila shina, si kingi kutoka lile la karibu na njia. Wekeni namba kwenye kila mama. Ulinzi wa mahali uendelee, ila msiutegemee kuzalisha.

Kama mmea unategemea maji, yaani chemchemi, maporomoko au mwamba unaotiririka, na kuna mradi wa bomba au umeme unaokuja: msisubiri tathmini ya mazingira imalizike ndipo mchume. Mbegu na vipandikizi vitoke sasa, huku mkidai kiasi cha maji cha kuachwa mtoni kiandikwe kwenye kibali.

Kama ni mmea unaotamaniwa na wakusanyaji, kama mishubiri, okidi au wale jamaa wa Encephalartos: ficheni mahali. Msiweke mtandaoni picha ambayo simu imeiandikia mahali ilipopigwa, msiongoze wageni msiowajua. Yule wa mjini mwenye kuomba vipandikizi mwambieni apitie bustani yenye daftari, na kama anataka kuvusha mpaka, kuna vibali vya kimataifa kwa makundi haya.

Kama hakuna mtu kijijini atakayeahidi miaka kumi, semeni hivyo waziwazi. Basi benki ya mbegu na bustani ya taasisi ndizo zenu, na si aibu.

Na kama mmeambiwa umebaki mti mmoja, au haupo kabisa, tafuteni kwanza. Erythrina schliebenii, mti wa maua mekundu wa kusini mwa pwani ya Tanzania, uliorodheshwa mwaka 1998 kuwa umetoweka duniani. Ukaonekana tena mwaka 2001, kisha msitu wake ukafyekwa kwa ajili ya mashamba ya mazao ya nishati, watu wakaulilia mara ya pili. Mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaukuta tena, pamoja na Karomia gigas. Ombeni picha ya sampuli iliyokauka kutoka hebaria (ghala la mimea iliyokaushwa) ya chuo hicho au ile ya Afrika Mashariki iliyoko Nairobi, muwaonyeshe warina asali na wachunga mbuzi wa vilima vya jirani, kisha mpande nao vilimani wakati wa maua.